Siku Mama Yako Alipotufungulia Mashine

Wegesa,

Shikamoo. Najua ungecheka, sisi tuliozaliwa mwaka mmoja na kugombania kila siku nani mkubwa. Lakini bibi yangu wa Kibara husema aliyetangulia kuona jambo ndiye mkubwa, na wewe umetangulia kuona jambo ambalo hapa shuleni hakuna hata mwalimu aliyeliona. Kwa hiyo shikamoo, rafiki yangu.

Leo ni Jumapili mchana. Wenzetu wameshuka ziwani kufua, mimi nimebaki bwenini. Kitanda chako cha chini bado hakijapewa mtu. Matroni aliondoa godoro akaacha chaga tupu, na mimi bado nalala juu yake. Nimejaribu kulala nikitazama ukuta, lakini mgongo wangu unajua kwamba chini hakuna mtu. Sisikii chupa yako ya maji ikigonga chuma cha kitanda. Upepo wa ziwa ukianza, naamka kukuuliza kama umevaa sweta. Halafu nakumbuka.

Sikukuandikia mapema kwa sababu kila nilipoanza niliandika jina lako tu, basi. Leo nina habari, na ni habari yako zaidi kuliko yangu. Mama yako alikuja karakana. Alitoka Butiama mwenyewe, na ndiye aliyetufungulia mashine. Ngoja nikusimulie kwa mpangilio, maana ulikuwa humpendi mtu anayeruka mistari.

Siku tulipoingizwa karakana mara ya kwanza, darasa zima lilikimbilia kerezo za zamani za kuchongea vyuma, zile za kuzungusha gurudumu kwa mkono. Wewe ulisimama mbele ya ile ya kompyuta, yenye mlango wa kioo, ukamuuliza Mwalimu Komba, "Hii mtu anaweza kuiendesha amekaa?" Akajibu kwamba ukishaipanga vizuri, hata ukikaa. Ulinigeukia, na uso ule sijausahau. Tangu utoto uliambiwa usichote maji, usilime mpaka mwisho wa tuta, usikimbie, usikae kwenye baridi. Selimundu, ugonjwa wako wa damu, ilikuwa imekuzungushia ukuta wa makatazo. Na hapa palikuwa na kazi ya chuma, kazi ya chuma kabisa, isiyouliza kama mifupa yako inauma au haiumi.

Marwa alikuita Injinia wa Stuli. Unakumbuka ulivyomjibu? "Ng'ombe wa kwenu anasimama siku nzima. Umeshamwona akipewa digrii?" Darasa lilipiga meza. Marwa mwenyewe alicheka mpaka akatoka nje, na tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa akikuletea stuli.

Tulipopangwa wawili wawili, wewe uliandika, mimi nilishika. Ulikaa kwenye skrini ukaiambia mashine kisu kianzie wapi, kiingie kiasi gani, kirudi lini. Mimi nilikata chuma kwa msumeno, nikakikaza kwenye taya za mashine, nikapima kwa maikromita, nikafagia mabaki yaliyojiviringa kama nywele. Mwalimu Komba alituita kichwa na mikono, na mimi nilikubali kuwa mikono. Ilikuwa raha. Mikono haiulizwi maswali.

Siku yako ya mwisho karakana tulikuwa tumeanza ule mhimili wa ngazi wa tathmini, fimbo ya chuma inayopungua unene hatua kwa hatua. Upande wa kwanza ulikwisha, ukatoka unang'aa. Ilibaki kuufungua, kuugeuza na kukereza upande wa pili. Nikaona umeinama, umeshika goti. Nilijua. Ulikuwa huliagi ukiumwa, ulikuwa unang'ata kola ya sweta tu. Nilipokushika mkono kukupeleka chumba cha wagonjwa ulisema, "Usiifungue, Perusi. Nakuja."

Wegesa, ulisema unakuja.

Ulipohamishiwa hospitali niliendelea kuamini. Uliwahi kwenda mara nyingi na mara zote ulirudi umekonda, unaomba samaki wa kukaanga. Mkuu wa shule alipotuita mstarini kabla ya kengele, bado nilikuwa nawaza nikutunzie kipande gani, mkia au katikati.

Tulikuja kukuzika. Sitaandika mengi kuhusu siku ile. Nitakwambia tu kwamba wasichana wa darasa tulivaa sare, na kwamba umelala karibu na yale mawe makubwa nyuma ya nyumba, mahali ulipokuwa unasema ukikaa jioni jiwe linakupa joto mgongoni. Siku ile hakuna aliyelima kijijini. Majembe yalikuwa yamelazwa kila nyumba tuliyopita. Hata kwetu Kibara ni hivyo, mtu akifa jembe linalala mpaka azikwe, na shamba lake mwenyewe haliguswi kabisa mpaka mtu wa nyumbani kwake aende kupiga jembe la kwanza. Hapo ndipo wengine hufuata.

Nakueleza unayoyajua kwa sababu ndiyo yaliyotukuta tuliporudi.

Mhimili wako ulikuwa bado kwenye taya za mashine. Siku ya vitendo Mwalimu Komba aliwaita wa kwanza kwenye zamu, hawakutoka. Akawaita wa pili, nao wakatazama viatu. Akadhani tunaogopa mzimu, akachukia. Marwa ndiye aliyesimama kumweleza.

"Mwalimu, si kuogopa. Hilo shamba ni la Wegesa. Halijapigwa jembe na wa kwao."

"Hii ni mashine ya serikali, Marwa, siyo shamba la bibi yenu! Ikikaa bila kuwashwa inaharibika."

"Hata shamba likikaa linaota majani, Mwalimu. Ila hatuingii."

Unamjua Mwalimu Komba, ni mtu wa Songea, mambo yetu mengine anayasikia kama redio ya mbali. Akanipa mimi ule ufunguo wa kulegezea taya. "Perusi, wewe ni mwenzake. Fungua, tuendelee." Niliuchukua. Niliuingiza kwenye tundu lake. Nilitaka kumtii, kweli nilitaka, lakini mkono ulikataa kuzunguka, na nikasikia mtu analia kwa sauti kubwa ya aibu, nikagundua ni mimi. Mwalimu aliutoa ufunguo mkononi mwangu taratibu, akautundika kwenye msumari wake. Akatuambia tutumie kerezo za mkono.

Tathmini ilikuwa inakaribia, na mashine ya kompyuta tunayo hiyo moja tu. Baba alinipigia kwa simu ya matroni. "Perusi mwanangu, kama mwenzako hayupo, hivyo vyuma utavifanya na nani? Rudi kwenye masomo ya kawaida, usome uje uwe mwalimu." Baba hakusema kwa ukali. Alikuwa ananihurumia, na huruma yake ilinirahisishia. Nilikwenda kwa Mkuu kuomba kuhama mkondo. Nilimwambia mimi nilikuwa mikono tu na kichwa kimezikwa. Mkuu akasema niende likizo fupi kwanza, nikirudi na neno lile lile atakubali.

Kwa hiyo likizo ilipofika nilishuka Makutano nikaja Butiama kabla ya kwenda kwetu. Nilitaka kumwambia mama yako mimi mwenyewe kwamba naacha, asije akasikia kwa watu.

Nilimkuta anaanika muhogo. Nywele zake zilizonyolewa zimeanza kuota, nyingi nyeupe. Nilipomwamkia alinishika uso kwa mikono yenye unga, akaniketisha, akanipa ugali wa mtama na mgagani, akanitazama nikila mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na ile kazi yenu mnaendeleaje nayo? Alikuwaga anaisema hadi tunamwambia anyamaze tule."

Nilimweleza kwamba mashine imelala, na kwa nini. Alicheka, Wegesa. Alifunika mdomo kwa kitenge akacheka mpaka machozi. "Yaani nyie watoto wa sayansi! Kompyuta mmeilaza kama jembe?" Mimi nikacheka pia, kisha sote tukaacha kwa pamoja. Akashika kipande cha muhogo, akakigeuza geuza bila kukiangalia.

"Na mimi nimekaa hapa," akasema, "nikidhani lililobaki ni kale kashamba kake ka karanga tu. Kumbe alikuwa na shamba jingine."

Halafu akasema atakuja. Alisema kama mtu anayesema kesho ataenda kisimani. "Lakini mimi mambo yenu siyajui. Anayekwenda kupiga jembe la kwanza anakuta majani yameshafyekwa. Nani atanifyekea?"

Nilikuwa nimekuja kumwambia naacha.

"Nakuuliza wewe, Perusi."

Nilisikia mdomo wangu unajibu, "Mimi, mama."

Niliporudi shule nilimwomba Mwalimu Komba anifundishe kuandika programu ya upande wa pili. Alivuta ile stuli akaniwekea. Rafiki yangu, ni vigumu! Ulikuwa unafanya ionekane kama kuandika insha. Mara ya kwanza nilisahau kukiondoa kisu kwenye chuma kabla ya kukirudisha, na mstari mwekundu kwenye skrini ukapita katikati ya mhimili. Mwalimu akasema, "Ni picha tu, lakini hapo umeshaua mashine." Nilianza kulia tena. "Wegesa asingekosea hivyo," nikamwambia. Akashangaa. "Wegesa? Alikuwa anaiua kila siku. Alikuwa anakuja mapema kurekebisha ili wewe usione."

Kwa nini hukuniambia? Nimekaa na neno hilo siku nyingi. Kwanza lilinichoma, kwa sababu nilidhani hatufichani kitu. Sasa nafikiri ulikuwa na mahali pengi pa kuonwa dhaifu, ukataka mahali pamoja tu pa kuwa hodari. Nakusamehe. Ila ungeniambia, ningekuwa nimejifunza na wewe.

Mama yako alikuja asubuhi ya siku ya vitendo, amevaa kitenge cha kanisani na raba za mdogo wako. Darasa zima lilisimama, likatoa shikamoo mpaka madirisha yakatetemeka. Mwalimu Komba alimwomba kwa adabu avue mtandio, maana kitambaa kinachoning'inia ni hatari karibu na chuma kinachozunguka. Akaukunja akanipa nimshikie. Akavishwa miwani ya kujikinga. Marwa akanong'ona, "Mama, umependeza, tukupe na cheti kabisa." Mama yako akamjibu, "Nipe kwanza mkeo aje anipikie, ndiyo nijue umekua." Tulicheka, na kucheka kule kulitusaidia kukaribia.

Nilimpa ufunguo. Aliuingiza kwenye tundu, nikaweka mikono yangu juu ya yake, tukazungusha pamoja. Taya zililegea. Akakinga mkono mmoja, mhimili ukamwangukia kiganjani.

Hakuunyanyua mara moja. Alipitisha kidole gumba kwenye ngazi zake, moja baada ya nyingine, polepole, kama anavyopapasa mtu anayetafuta kidonda. "Amelainisha hivi?" akauliza. "Mimi nilidhani wanafua vyuma kama wahunzi. Nilikuwa namwonea huruma." Kisha akauweka shavuni. Chuma kilikuwa cha baridi, kilikaa pale muda mrefu. Akafumba macho. Mwalimu Komba aligeukia ukuta akajifanya anapanga spana.

Aliponirudishia ulikuwa umepata joto lake. Niligeuza mhimili, nikaukaza, nikapima mahali pa kuanzia, nikarudia kupima. Mwalimu akakagua, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Nikafunga mlango wa kioo, nikamwonyesha mama yako kitufe cha kijani.

Alikibonyeza kwa dole gumba, kwa nguvu, kama anayeua kupe.

Mashine ikaamka. Alirudi nyuma hatua, akanishika kiuno. Maji meupe ya kupoozea yaliporushwa juu ya chuma akasema, "Inatema!" Halafu kisu kikagusa, ukaja ule mlio uliokuwa unaupenda, na mama yako akalia. Hakulia kwa kujificha. Alilia kilio cha msibani, cha kukuita kwa jina lako lote na la babu yako, mikono kichwani, katikati ya karakana ya serikali, na hakuna aliyemzuia. Wasichana tulilia naye. Marwa alilia. Mashine iliendelea na kazi yake mpaka mwisho, ikasimama yenyewe.

Nikamrudishia mama yako mtandio, akajifuta uso. Akawageukia watoto wote wa darasa letu. "Haya," akasema. "Limeni."

Ningependa kuishia hapo, lakini lazima nikwambie ukweli wote. Nilipoupima mhimili, upande wangu ulikuwa umepungua. Kidogo sana, chini ya unene wa unywele, lakini nje ya kipimo kinachoruhusiwa. Nilimpa Mwalimu maikromita apime mwenyewe, nikiomba niwe nimekosea. Hakubadilisha jibu. Hautafaa kwa tathmini.

Mama yako alikuwa anatuangalia. "Kimeharibika?"

"Ndiyo, mama. Upande wangu."

"Na wake?"

"Wake uko sawa kabisa."

Akanyoosha mkono. "Basi hiki ni changu. Wewe tengeneza kingine."

Mwalimu Komba alimruhusu. Aliufunga kwenye mtandio, akaondoka nao. Marwa alimsindikiza mpaka stendi.

Tangu siku ile mashine haijapumzika, wanaipigania zamu. Sauti yake inanifikia hata darasani, na kila nikiisikia naacha kuandika, kwa sababu inalia vilevile kama ulipokuwepo. Nilidhani ingebadilika angalau kidogo. Nikimaliza hesabu ngumu bado nageuka kulia kukuonyesha. Mwalimu alitaka kunipa mwenza mwingine, nikamwomba anisubiri. Akakubali nifanye tathmini peke yangu, pande zote, na amenipangia zamu wiki hii. Sijui kama nitafaulu. Nimeshaiua mashine kwenye skrini mara nyingi kuliko ninavyoweza kukwambia bila aibu.

Baba nilimpigia nikamwambia nabaki. Nikasikia mawimbi nyuma yake na watu wanaovuta nyavu. "Kwa ajili ya marehemu?" akauliza. Nilitaka kusema ndiyo, kwa sababu ndilo jibu zuri, hakuna mzazi anayeweza kulipinga. Lakini nilisema hapana.

Hilo ndilo lililonifanya nikae kuandika leo, Wegesa, na nimezunguka kurasa zote hizi kulifikia. Ulipokufa niliona kwamba hata kutamani ile kazi kumekuwa wizi. Ilikuwa ndoto yako, mimi nilikuwa nakubebea chuma. Ningeendelea kwa sababu yako, watu wangenisifu, nami nisingelazimika kukiri kwamba naitaka. Sasa nakiri. Naitaka. Naipenda wakati kisu kinakaribia chuma na bado hakijagusa. Naipenda hata ikinikataa. Nataka kumaliza hapa, niende chuo cha ufundi, nije niwe mtu wa kuitwa injini ya boti ikikwama Kibara au pampu ikifa Bunda, na kipuri hakipatikani, nikitengeneze. Naitaka na wewe haupo, na inaniuma kuitaka na wewe haupo, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Siahidi kwamba nitafaulu wiki hii. Naahidi kwamba nikishindwa nitaomba chuma kingine, nikae, nianze mstari wa kwanza. Naahidi msimu wa karanga nitakuja Butiama kumsaidia mama yako. Na akija msichana mwingine mbele ya kile kioo akauliza kama mtu anaweza kuiendesha amekaa, nitamjibu, na makosa yangu yote nitamwonyesha.

Wenzetu wanapanda kutoka ziwani, nasikia ndoo zao. Nakuacha sasa, mkubwa wangu. Pumzika pasipo na baridi, pasipo na maumivu, wala mtu wa kukwambia usifanye. Mimi nabaki huku na kazi ninayoipenda, na ninakulilia.

Perusi